Picha 32 za Harry Clarke

Nilianza kukusanya matoleo ya zamani ya hadithi za mizuka yaliyopambwa kwa michoro nikiwa sina ujuzi wowote zaidi ya macho yangu, na macho hayo ndiyo yaliyonitia hasara. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kaskazini mwa Uingereza, na kitabu kilichoniteka kilikuwa kimoja tu: Tales of Mystery and Imagination cha Edgar Allan Poe, kilichochorwa na Harry Clarke wa Dublin.

Clarke alikuwa pia fundi wa madirisha ya vioo vya rangi, na ukilijua hilo utaielewa michoro yake upesi, kwa sababu weusi wake ni mzito kama mistari ya madini ya risasi inayoshikilia vipande vya kioo. Watu wake ni wembamba, wenye macho makubwa na vidole virefu kupita kiasi, na mavazi yao yamejaa nakshi ndogo ndogo. Katika mchoro wa mfungwa anayetambaliwa na panya, niliwahi kutumia lenzi robo saa nzima nikitenganisha unywele na mkia.

Kampuni ya Harrap ya London ilikitoa kitabu hicho mwaka 1919 kikiwa na picha 24 zisizo na rangi, kisha mwaka 1923 ikaongeza picha 8 za rangi, jumla 32. Hesabu hiyo sikuwa nayo kichwani siku niliponunua nakala yangu ya kwanza ya toleo lenye rangi, kwa pauni 85, kutoka kwa muuza vitabu aliyenihakikishia kuwa ni nzima. Jalada lilikuwa safi na maandishi ya dhahabu mgongoni yaling'aa, nami nikaridhika. Wiki mbili baadaye, nikifuata kwa kidole orodha ya picha iliyo mwanzoni, nilifika pahali palipostahili kuwa na picha ya rangi nikakuta madoa mawili tu ya gundi iliyokauka. Picha za rangi za enzi ile mara nyingi zilichapishwa kando, kisha zikabandikwa kitabuni, na wapo wanaozibandua ili wazitie fremu na kuziuza moja moja, jambo ambalo kwangu mimi ni sawa na kuchinja ng'ombe ili kuuza kwato. Nilipomlalamikia muuzaji, alijibu kwa upole kwamba alikuwa na maana ya kurasa za maandishi.

Tangu hapo nilikagua kinyumenyume: orodha ya picha kwanza, jalada mwisho. Kila picha ya rangi niliielekeza kwenye mwanga kwa mshazari, kwa kuwa gundi mpya hung'aa, na picha iliyoazimwa kutoka nakala nyingine mara nyingi haifanani kwa rangi ya karatasi na wenzake. Kuhesabu nako kuna mitego yake. Niliwahi kudhani kuwa Ghost Stories of an Antiquary cha M. R. James cha mwaka 1904 kimenyofolewa, kwa kuwa kilikuwa na picha 4 tu. Kumbe mchoraji wake, James McBryde, rafiki wa mwandishi, alifariki mwaka huo akiwa amemaliza hizo 4, na mwandishi akakataa kazi ile imaliziwe na mchoraji mwingine.

Miaka mitatu ilipita kabla sijaipata nakala ya Clarke iliyotimia. Ilikuwa katika mnada mdogo, ndani ya fungu moja na vitabu vya mahubiri, mgongo umechanika na pembe zimelika, na uchakavu huo ndio ulioshusha bei. Siku ya ukaguzi nilihesabu mara mbili, nikapata 32 mara zote mbili. Nililipa pauni 140 pamoja na ushuru wa dalali. Yale mahubiri niliyagawa.

Nakala yenye pengo sikuiuza. Nyuma ya jalada lake nimeandika kwa penseli jina la picha iliyotoka na ukurasa wake, ili atakayeipokea baada yangu asiambiwe kuwa ni nzima.