Soksi za lesi: kila tundu na deni lake

Lesi ya kufuma kwa sindano ni hesabu kabla ya kuwa urembo. Kila ukirusha uzi juu ya sindano unapata tundu, na tundu hilo ni kitanzi kipya ambacho hakikuwepo. Usipolipa kwa kubana vitanzi mahali pengine katika mzunguko huohuo, soksi inapanuka kidogo kidogo mpaka inageuka mfuko. Karibu kila soksi ya lesi iliyoharibika iliharibikia hapo, kwenye deni ambalo halikulipwa au lililipwa mara mbili.

Hesabu zifuatazo ni za mguu wenye mzunguko wa sentimita 22 pale unapoanza kunenepa nyuma ya vidole, na urefu wa sentimita 24, yaani kiatu cha 38 hivi.

Uzi unaofaa ni wa soksi hasa: sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25, bunda la gramu 100 lenye mita 400 hivi. Bunda moja linatosha jozi na linabaki. Nailoni ndiyo inayozuia kisigino kutoboka. Sufu tupu iliyosokotwa kwa ulegevu haimalizi msimu mmoja wa baridi ya Njombe au Limuru. Akriliki, ambayo ndiyo imejaa madukani, inafumika bila shida, lakini ukiiosha na kuinyoosha matundu hurudi kujikunja kama hayakuguswa. Chagua rangi moja, au yenye mabadiliko hafifu. Uzi wa madoadoa unaficha lesi yote, na hapo umejisumbua bure.

Sindano ni tano, zenye ncha pande zote mbili, za milimita 2.5. Spoki za baiskeli, ambazo wengi walijifunzia kufuma, kwa kawaida ni za milimita 2. Zinamfaa mwenye mkono mlegevu, mradi azisugue ncha kwa msasa mpaka zisikwaruze ukucha. Mwenye mkono wa kukaza atapata soksi ngumu kama turubai.

Fuma kwanza kipande cha majaribio, kwa mzunguko na kwa lesi yenyewe, kisha ukioshe na ukikaushe kabla ya kukipima. Unatafuta vitanzi 32 na mizunguko 44 kwa sentimita 10. Soksi lazima iwe nyembamba kuliko mguu kwa karibu sehemu moja ya kumi, la sivyo inateremka na lesi haifunguki: 22 mara 0.9 ni 19.8, na mara vitanzi 3.2 kwa sentimita ni 63 na ushee. Chukua 64, kwa sababu mchoro wetu unakwenda kwa vitanzi 8. Kwa mguu wa sentimita 24 na nusu usibadilishe idadi. Chukua sindano ya milimita 2.75, hakikisha kipimo kimeshuka hadi vitanzi 29 hivi, na hesabu zote za hapa chini zinabaki vilevile.

Anzisha vitanzi 64 kwa sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja. Ukingo uliokazwa ndio unaofanya soksi nzuri isivalike: kifundo kinaweza kupita, lakini pale mguu unapozunguka kutoka ncha ya kisigino hadi juu ya mgongo wake ni zaidi ya sentimita 30. Gawa 16 kila sindano, unganisha bila kusokota, ufume mizunguko 14 ya viwili wazi, viwili kinyume. Kitanzi wazi ni kile cha uso laini wenye umbo la V, na cha kinyume ni kile cha kinundu.

Sasa lesi. Mzunguko wa kwanza, rudia mara nane: 2 wazi, rusha uzi, 1 wazi, bana tatu, 1 wazi, rusha uzi, 1 wazi. Mzunguko wa pili ni wazi wote. Basi. Kurusha mara mbili ni vitanzi viwili vilivyozidi, kubana tatu kuwa kimoja ni viwili vilivyopungua, na deni limekwisha ndani ya vitanzi vilevile 8.

Kubana tatu hufanywa hivi. Ingiza sindano ya kulia katika vitanzi viwili kwa pamoja kama unayetaka kuvifuma, lakini vihamishe tu. Fuma cha tatu. Kisha kwa ncha ya kushoto vuta vile viwili ulivyohamisha, uvipitishe juu ya hicho ulichofuma na kuviachia. Kitanzi cha katikati kinabaki kimesimama mbele ya wenzake, na baada ya mizunguko kumi unaona uti ulionyooka ukishuka katikati ya matundu. Ukihamisha kimoja kimoja badala ya viwili kwa pamoja, uti unalala upande. Si kosa la kuua, ila linaonekana.

Mchoro umeanzishwa kwa vitanzi viwili wazi kwa makusudi. Tundu likiangukia mwisho wa sindano, uzi uliorushwa huteleza ukibadilisha sindano, au unavutika mpaka tundu hilo linakuwa kubwa kuliko wenzake na kuacha mstari kama ngazi kutoka juu hadi chini. Michoro mingi ya lesi ya visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, huweka tundu ukingoni mwa mchoro. Kwa shali hilo halina neno, kwani sindano ni mbili tu. Kwa soksi ni kujitafutia kazi.

Kila mzunguko wa pili, hesabu kila sindano kabla ya kuiacha. Ziwe 16. Zikiwa 15, mara nyingi umesahau kurusha. Usifumue. Tafuta mahali tundu lilipopaswa kuwa, utaona kijiuzi kimelala kati ya vitanzi viwili. Kiinue kwa ncha ya kushoto kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kifume wazi bila kukisokota, kwa sababu kikisokotwa tundu linaziba. Litakuwa dogo kidogo kuliko wenzake, na maji yatalisawazisha. Zikiwa 17, pengine umebana viwili badala ya vitatu. Fumua sindano hiyo hadi hapo.

Kosa baya zaidi ni lile lisilobadilisha idadi. Umeanza mchoro kitanzi kimoja mapema, deni limelipwa sawasawa, sindano ina 16, lakini uti umehama. Dawa ni kutazama, si kuhesabu: kabla ya kubana, kitanzi cha katikati katika vile vitatu lazima kiwe kile kilichokaa juu ya uti wa chini. Na kila baada ya mizunguko 20, pitisha uzi mwembamba wa pamba wenye rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vya mzunguko wa wazi. Ukilazimika kufumua, utasimama hapo.

Fuma mizunguko 56 ya lesi, karibu sentimita 13, ukiishia na mzunguko wa wazi. Vitanzi 33 vya mwanzo vinabaki kuwa mgongo wa mguu, na 31 vya mwisho ni vya kisigino. Zile 33 si bahati mbaya: ni michoro minne na kitanzi kimoja cha ziada, ili lesi ianze na kuisha sawa pande zote mbili. Ukigawa 32 kwa 32, lesi inakaa upande mmoja wa mguu na hujui kwa nini.

Kisigino hakina lesi, wala unyayo. Matundu chini ya mguu yanachapa ngozi na yanatoboka mapema. Geuza kazi. Upande wa ndani: hamisha 1, fuma 30 kinyume. Upande wa nje: hamisha 1, fuma 1, hivyo mara 15, kisha 1 wazi. Jumla safu 32. Ule uzi unaopita nyuma ya vitanzi vilivyohamishwa ndio unaofanya kisigino kuwa kinene.

Kukipinda, anza upande wa ndani: hamisha 1, kinyume 17, bana viwili kinyume, 1 kinyume, geuza. Upande wa nje: hamisha 1, wazi 6, bana viwili vilalie kushoto (vihamishe kimoja kimoja kama unayetaka kuvifuma, virudishe sindano ya kushoto, uvifume pamoja kwa kuingilia nyuma), 1 wazi, geuza. Tangu hapo kila safu fuma mpaka kibaki kitanzi kimoja kabla ya pengo, bana hicho pamoja na cha ng'ambo ya pengo, fuma 1, geuza. Baada ya safu 12 una vitanzi 19. Ukiwa na 18 au 20, kuna pengo uliloruka.

Okota vitanzi 16 kwenye ukingo wa kisigino na 1 pale pembeni, fuma zile 33 kwa lesi, kisha okota 17 upande wa pili. Jumla ni 86. Mzunguko unaofuata, fuma vilivyookotwa kwa kuvisokota, ili pembe zisiache matundu ambayo hukuyaomba. Kila mzunguko wa pili, punguza vitanzi viwili upande wa unyayo, kimoja kabla ya kufika mgongo wa mguu, tena kimoja baada ya kuuacha. Mara 11, na umerudi kwenye 64.

Endelea mpaka soksi iwe sentimita 18 na nusu toka nyuma ya kisigino. Hamishia kitanzi 1 unyayoni, ziwe 32 kwa 32, acha lesi, na upunguze vitanzi vinne kila mzunguko wa pili (kimoja katika kila kona) mpaka vibaki 32, kisha kila mzunguko mpaka vibaki 16. Shona 8 kwa 8 kwa sindano butu, ukifuata njia ya vitanzi.

Andika mizunguko yako kwenye karatasi. Soksi ya pili hufumwa kwa idadi ya mizunguko, wala si kwa rula, kwa maana lesi hupimika unavyotaka ukiivuta. Zote mbili zikishakamilika, ziloweke dakika 20 katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, zikunje ndani ya taulo na ulikanyage bila kukamua, kisha zitandaze kivulini juu ya umbo la mguu lililokatwa kwenye plastiki ngumu. Boksi la karatasi litalowa na kuacha rangi yake kwenye uzi.