Giaboksi ikisumbua, fungua sampo kabla ya kuuza gari

Ikiwa giaboksi ni ya otomatiki, mwambie fundi afungue sampo, yaani bakuli la oili lililo chini yake, mbele yako. Kwenye sumaku iliyo ndani ya sampo, tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidole ni beringi au gia inayokatika. Oili nyeusi inayonuka kuungua maana yake pleti za klachi zimekwisha, na oili mpya haitazirudisha. Ikiwa oili bado ni nyekundu lakini gia zinachelewa kuingia, pima kwa mashine ya kusoma hitilafu: huenda ni solenoidi tu, yaani vali ya umeme inayoongoza oili. Na CVT (giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) iwekewe oili ya CVT, tafadhali sana. ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi nyingine za otomatiki, inaiua.

Kisha jumlisha giaboksi iliyotumika, ufundi na oili. Gharama ikizidi tofauti kati ya bei ya gari zima na bei yake likiwa bovu, uza, na mnunuzi umweleze ukweli wote.