Baba alikuja kuona Liemba ilikozaliwa

Siku niliyompigia Baba simu kumwambia nimepata nafasi ya kusomea uzamivu Ujerumani, aliniuliza swali moja tu. "Huko unakokwenda, mama, na Papenburg ni mbali?" Baba huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Nikamwambia sijui, mimi naenda Oldenburg. "Tazama kwenye ramani halafu unipigie." Nikatazama, nikaona ni treni mbili, asubuhi unakwenda na jioni umerudi. Nilipompigia tena akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sawa," utadhani yeye ndiye aliyenituma.

Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa, ila wengine wanaweza kuuliza Papenburg kuna nini. Ndiko ilikoundwa MV Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati mpaka kwetu mwisho wa reli, ikaungwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nene kila mahali. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakakuta grisi imefanya kazi yake, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Baba akisimulia hadithi hii, kwenye grisi lazima asimame. Amefanya kazi chumba cha injini cha Liemba zaidi ya miaka thelathini, mtu wa mafuta na grisi. Injini alizozikuta yeye ni za dizeli, zile za mvuke zilishatolewa miaka ya 1970, lakini hilo kwake si hoja. "Bibi aliokolewa na mpaka grisi," husema. Bibi ni Liemba.

Na Mama naye? Mama ni mtu wa Kirando. Alipanda Liemba akiwa msichana, daraja la tatu, na magunia mawili ya samaki wakavu ya shangazi yake, akashuka Kigoma akiwa na magunia na mchumba. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba mimi ni mtoto wa meli.

Sasa makaratasi ya kuwaleta wote wawili. Sitayaeleza yote, nitachoka mimi na mtachoka ninyi. Pasi za kusafiria shilingi 150,000 kila mmoja. Ada ya viza euro 90 kila mmoja. Bima ya safari inayolipia matibabu hadi euro 30,000. Huku kwangu nilikwenda ofisi ya wageni na mkataba wangu wa kazi wa chuo na hati za mshahara, nikalipa euro 29, nikasaini kwamba wazazi wangu wakikwama hapa deni ni langu. Na huko nyumbani walitakiwa kuonyesha kwamba wana sababu ya kurudi: hati ya kiwanja, barua ya serikali ya mtaa, karatasi za pensheni ya Baba, leseni ya biashara ya Mama. Hilo ndilo lililomkera Baba. "Yaani mtu mwenye nyumba Ujiji, aikimbie nyumba yake akakae kwenye baridi?"

Alama za vidole ni lazima uzitoe mwenyewe, na kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Wakasafiri, wakafikia kwa Mama Mdogo Temeke. Kwenye mashine, vidole vya Mama vikakataa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama anaanika dagaa Kibirizi tangu sijazaliwa, na chumvi na mchanga vimemlamba ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama sabuni iliyoisha. Dada wa dirishani akampa kitambaa chenye maji apanguse, akambonyezea kidole kimoja kimoja, ndipo mashine ikakubali. Aliponisimulia alikuwa anacheka. "Vimeliwa na dagaa, mwanangu. Dagaa nao wanakula watu."

Walifika Juni. Kuhusu mizigo nilikuwa nimewaonya: nyama hapana, maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa hapana. Samaki ruhusa, hadi kilo 20 kwa mtu kwa matumizi yake. Mama akaisikia ruhusa hiyo kama amri. Akaja na dagaa, migebuka ya kukaushwa kwa moshi, unga wa muhogo, chupa mbili za mawese zilizofungwa kwa mifuko mitano mitano, na kahawa ya Kalinzi. Lakini chini kabisa, ndani ya kanga, alificha kopo la samli kutoka Kasulu. Samli, nilipokuwa nasema maziwa, haikumjia akilini. Mtu wa forodha akawaacha dagaa wote wapite, akalitoa lile kopo, akalinusa (kwa heshima, nampa haki yake), akalitumbukiza kwenye pipa. Mama alikuja kunikumbatia pale mlangoni huku anageuza shingo kutazama nyuma. Maneno yake ya kwanza Ulaya, baada ya miaka miwili bila kuniona, yalikuwa: "Ametupa samli."

Kuna jambo sikuwahi kuwaambia kwenye simu. Nilikuwa nasema "nyumba yangu," na wao wakaona nyumba. Nina chumba kimoja cha mita za mraba 14, jiko na choo tunatumia watatu: mimi, Mjerumani mmoja na Mkolombia mmoja. Niliwapa kitanda, nikatandika godoro chini. Mama hakusema kitu. Alifungua friji akaona rafu yangu, akaona maziwa yameandikwa jina langu, mayai yameandikwa jina langu, hata nusu kitunguu ndani ya kibakuli kina jina langu.

"Na kitunguu?"

"Ndiyo utaratibu, Mama."

Akafunga mlango wa friji polepole. Usiku wa pili nilishtuka usingizini nikamkuta amelala chini pembeni yangu, kitanda kamwachia Baba. Siku zilizobaki tulilala hivyo, na asubuhi mgongo ulikuwa unaniuma kuliko alivyoumwa yeye.

Dagaa wale nilikuwa na wasiwasi nao kwa sababu ya harufu. Kumbe yule Mkolombia alikaa mezani akamega ugali wa muhogo kama mtu wa Mwandiga. Mjerumani aliuliza kwa adabu kama na kichwa kinaliwa. Mama akaniambia nimtafsirie: "Mwambie kichwa ndiko kwenye akili." Akala vichwa vyote.

Baba shida yake ilikuwa jua. Kigoma tuko magharibi mwa nchi na jua letu linachelewa kuzama kuliko la Dar, na maisha yake yote ametumia jambo hilo kuwatania ndugu wa Dar. Sasa Oldenburg mwezi Juni swala ya Magharibi inaingia karibu saa nne usiku. Alikuwa anasimama dirishani na kofia yake, udhu umeshakauka, anatazama watoto wanaendesha baiskeli. "Hili jua limesahau kazi," anasema. Halafu Isha aingojee tena. Mchana alikuwa anasinzia popote anapoketi. Jambo moja tu lilimpendeza mara moja: watu wa huku husalimiana "Moin" asubuhi, mchana na jioni, neno moja siku nzima. Akalichukua. Akawa anawasalimu madereva wa mabasi na watoto. Mama akamwambia Kiha chake amekiacha uwanja wa ndege.

Nilikuwa nimewapangia mambo mengi: maabara yangu, chuo, maduka, siku moja Bremen. Baba alivitazama vyote kama mtu anayesubiri zamu yake ifike. Siku ya nne, Jumatano, akavaa koti na kusema, "Mama, leo twende." Wala hakutaja wapi.

Kuna tiketi ya siku ya jimbo la Niedersachsen, mnasafiri pamoja kwa tiketi moja, lakini siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Baba alifika stesheni saa mbili kasoro. Treni mbili zikapita mbele yetu, yeye anazitazama tu. "Reli ya kati tulikuwa tunasubiri treni. Hapa treni inatusubiri sisi tuwe na ruhusa." Tukabadilisha treni Leer. Nje ni nyasi tambarare, ng'ombe, mitambo ya upepo, hakuna kilima hata cha kuchezea mtoto. Aliposhuka Papenburg uso wake ulikuwa na mashaka. Yeye alitarajia bandari. Papenburg ni mji wa mifereji, miembamba, imenyooka, na maua pembeni, na bahari iko mbali.

"Meli ilijengwa hapa? Kwenye huu mfereji? Mbona hata mto wetu Luiche ni mpana?"

Kiwanda chenyewe, Meyer Werft, bado kipo, ila kilihamia nje ya mji miaka ya 1970. Kule leo wanaunda meli za watalii ndani ya majengo makubwa ajabu, kisha wanazishusha kwa mto Ems mpaka baharini. Nilitaka kumpeleka huko kwanza, kuna ziara za wageni. Akakataa. Alitaka pale pa zamani. Pa zamani ni katikati ya mji, majengo ya matofali mekundu, siku hizi ni hoteli na ukumbi wa sanaa. Wenyewe wanapaita Alte Werft, kiwanda cha kale. Watu walikuwa wamekaa nje wanakunywa kahawa.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Kilomita zote zile, aje akute watu wanakula keki. Nikaanza kumtafutia maneno. Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amekwenda ukingoni mwa maji, akasimama, akageuza viatu vyake vikaelekea sawasawa na mfereji, akaanza kutembea kwa hatua ndefu huku anahesabu kwa sauti ya chini. Liemba ina urefu wa mita 71 na kidogo. Aliufahamu kwa miguu yake.

"Hapa omo, mbele ya meli." Akaendelea. "Hapa mizigo. Mananasi yanawekwa hapa, wale wa Kirando na Kipili wakija na mitumbwi ndipo wanapogombania." Hatua kumi tena. "Hapa tuliwalaza wale wa Kagunga, mwaka 2015. Ulikuwa sekondari." Nakumbuka. Warundi waliokimbia, walivyojaa uwanja wa Lake Tanganyika, na Baba alivyokuwa harudi nyumbani. Sikujua walilala wapi melini. Hakuwahi kusema.

Akafika mahali akasimama, akatazama chini kwenye matofali, akapiga kisigino mara mbili. "Chumba cha injini." Akakaa pale muda. Bibi mmoja mzee akapita na mbwa, akasema "Moin." Baba akaitikia "Moin" bila kuinua macho.

Nikageuka kumtafuta Mama. Hakuwa nasi. Alikuwa amebaki nyuma kama hatua thelathini, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Njoo huku!" Baba akamwita.

"Sitoki. Hapa ndipo daraja la tatu," Mama akajibu. "Ulinikuta hapa, njoo wewe."

Akaenda.

Wamesharudi. Wiki iliyopita Baba alinitumia ujumbe wa sauti kutoka kijiwe cha kahawa, Ujiji, nasikia vikombe vinagongana na wazee wanambishia. Mmoja anasema haiwezekani meli ile kutoka kwenye mfereji. Mwingine anauliza, baada ya gharama zote hizo, angalau uliigusa?

"Niguse nini tena kule?" Baba anasema. "Si iko hapa kwetu."