Max Hahn, fundi magari wa Göttingen

Ukianza tu stori ya ndege za jeti utatajiwa majina mawili, Frank Whittle wa Uingereza na Hans von Ohain wa Ujerumani. Sawa, wanastahili. Ila mimi ni mtu wa gereji, grisi haijanitoka kwenye kucha miaka yote hii, na wa kwangu ni Max Hahn.

Hahn alikuwa fundi wa gereji mjini Göttingen. Von Ohain, kijana wa fizikia pale chuo kikuu, alikuwa akimpelekea gari lake. Baadaye akamletea michoro. Fikiria mteja anakutandazia karatasi, anataka injini isiyo na pistoni: hewa iingie, ibanwe, ichanganywe na mafuta, iwake, itoke nyuma kwa kasi. Wengi wetu tungemwambia aache namba ya simu. Hahn aliirahisisha ile michoro mpaka ikawa kitu cha kutengenezeka, na kijana akalipa kwa hela yake.

Walipoiwasha, petroli haikuungulia ndani. Ndimi za moto zikachomoza nyuma, na bila mota ya kuizungusha injini haikujiendesha.

Profesa wa von Ohain, Robert Pohl, akampigia debe kijana wake kwa Ernst Heinkel, mtengenezaji wa ndege. Mwaka 1936 Heinkel akamwajiri, na Hahn akaajiriwa pamoja naye. Kilichofuata ni ujanja mtupu wa kifundi: petroli wakaiweka kando kwanza, wakatumia hidrojeni, maana inashika moto upesi. Mwaka 1937 injini ya majaribio ikanguruma mbele ya bosi. Mwenye hela akishasikia mngurumo, muda wa kuhangaika na petroli unapatikana.

Tarehe 27 Agosti 1939, rubani Erich Warsitz akairusha He 178, ndege ya Heinkel yenye injini hiyo ya jeti, huko Rostock. Magurudumu yaligoma kukunjwa, akazunguka nayo hivyohivyo na kutua salama. Ndege ya Whittle ilipaa Mei 1941, ingawa aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, tangu 1930. Hataza hiyo ilikufa 1935 kwa kukosa ada ya pauni 5. Hapo ndipo wabishi hugombania nani wa kwanza.

Mimi nabaki kwenye injini ya He 178. Mbele ya kompresa, ile sehemu ya kubana hewa, kulikuwa na nafasi kubwa iliyokaa bure, na Hahn ndiye aliyesema chumba cha kuchomea mafuta kipachikwe hapo. Kikapachikwa.