Plastiki Haikuingia Jikoni Mwetu Siku Moja

Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 2021, mama yangu alivuka kutoka Pate kuja kukaa nasi mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Jioni ya kwanza aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi mbili za mchuzi, na alipomaliza alinyosha mkono bila kuinua macho, akasema, "Nipa kifumbu, mwanangu." Sikuwa na kifumbu, kile kichujio cha tui kinachosukwa kwa mkono. Nilimpa chujio la plastiki la rangi ya kijani, akalipokea, akaligeuza upande uliochanika, kisha akachuja tui lake bila kusema neno. Kimya kile kilinielemea kuliko lawama.

Watoto walipolala niliketi jikoni na daftari, nikaandika kila chombo cha plastiki kilichokuwamo, na pembeni mwake mwaka kilipoingia, kwa kadiri nilivyoweza kukumbuka. Kopo la kuchotea maji lilichukua nafasi ya kata ya kifuu nilipokuwa darasa la sita, kwa sababu kata ilikuwa imepasuka na kopo lilikuwapo, limekwisha mafuta ya kupikia yaliyokuwamo. Vifuniko vya chakula vya plastiki vilikuja na harusi yangu kama zawadi, na kawa mbili nilizopewa na shangazi zikapandishwa darini. Maji ya chupa ya dukani yalianza wakati baba mkwe alipokuwa mgonjwa na daktari alitaka anywe maji safi. Mgonjwa alipona, Alhamdulillahi, lakini chupa hazikutoka tena. Pakacha la kubebea maembe sikuweza kulikumbuka lilipotea lini, wala mume wangu hakukumbuka.

Hapakuwa na siku hata moja ambayo familia yetu ilikaa kitako ikaamua kuishi na plastiki. Kila kitu kiliingia kwa sababu yake, na takriban kila sababu ilikuwa nzuri siku ile. Wahenga walisema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali, na ndivyo jiko langu lilivyobadilika, kidole kimoja baada ya kingine kwa zaidi ya miaka ishirini. Jambo lililoingia kwa mwendo huo halitoki kwa wiki moja, na naliandika hili kwa sababu majirani na wanafunzi wangu wa zamani huniuliza waanzie wapi, na wengi wao wamekwisha kujaribu na kushindwa kwa njia ileile niliyoshindwa mimi.

Kwa kweli, asubuhi iliyofuata nilitaka kuyamaliza yote. Nilikusanya karibu vyombo vyote vya plastiki katika magunia mawili, nikayatoa nje. Nilinunua mitungi ya kioo kwa fedha ambazo hazikuwa katika hesabu ya mwezi, nikawakataza watoto biskuti za pakiti, nikatangaza kuwa maji ya chupa hayataingia tena. Mtoto wa pili alikwenda shule bila chombo cha maji akarudi na kichwa kinamuuma. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniuliza kama nilikuwa nimewashauri wenzangu wa nyumbani au nilikuwa nimewaamuru. Kabla ya wiki ya tatu kuisha tulikuwa tumenunua upya zaidi ya nusu ya vitu nilivyovitoa, navyo vilikuwa vizima nilipovitoa. Hilo ndilo linalonisikitisha hadi leo: vyombo ambavyo vingetumika miaka mingine mitano vilikwenda jaani kwa mkono wangu, kwa nia ya kuhifadhi mazingira. Chombo cha plastiki kilichokwisha kununuliwa hakina kosa jipya kinapoendelea kutumika, kwani kosa hurudi siku tunapokitupa kikiwa kizima na siku tunaponunua kingine bila haja.

Baada ya hapo nilijiwekea sharti moja tu, kwamba nibadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, na nisiguse la pili mpaka la kwanza liwe linafanyika bila kulifikiria.

La kwanza lilikuwa kikapu. Tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutumika nchini Kenya, pamoja na adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, mifuko myembamba iliyokuwa ikipeperuka katika vichochoro vyetu ilipungua kwa namna iliyoonekana kwa macho, na mimi naishukuru sheria ile. Hata hivyo, sheria ilibadilisha kilichokuwa mkononi, haikubadilisha mkono wenyewe. Niliendelea kwenda sokoni mikono mitupu na kurudi na mifuko ile inayofanana na kitambaa, ambayo nayo hutengenezwa kwa plastiki, nikairundika nyuma ya mlango. Nilinunua kikapu cha miaa kilichosukwa na wanawake wa Kipungani, nikakitundika kwenye msumari ulio karibu na buibui langu, na bado nilikisahau. Mara nyingi nilifika sokoni, mbele ya ngome, ndipo nikakumbuka, na wakati mwingine nilirudi nyumbani kukichukua huku jua likiwa utosini, kwa sababu nilijua kwamba mguu ukichoka, kichwa kitakumbuka. Ilichukua takriban miezi minne kabla sijaona siku moja kwamba kikapu kipo begani na sikumbuki nilipokichukua.

Samaki walikuwa na taabu yao. Muuzaji wangu alizoea kuwatia katika karatasi ya nailoni, na nilipompa bakuli lenye mfuniko alishangaa, si kwa ubaya, bali kwa sababu alifikiri kuwa uzito wa bakuli ungeharibu hesabu. "Bi, nikipima na bakuli utalipia bati," aliniambia. Tulikubaliana kwamba apime bakuli tupu kwanza, na siku hizi anapoliona kwa mbali hulinyoshea mkono kabla sijamwambia kama nataka tafi au changu. Wateja wengine wawili wameanza kuja na vyombo vyao. Sikuwaambia chochote.

Jambo la pili ni taka, nalo lilianza na punda. Wasioujua mji wetu wafahamu kwamba vichochoro vya Lamu havipitishi gari, na punda ndio wanaobeba mawe ya ujenzi, mchanga, magunia ya saruji, na taka zenyewe. Kazi yao ikiisha hutembea wakijitafutia chakula. Asubuhi moja nilitoa taka mapema kuliko kawaida, na nilipochungulia tena nilimwona punda amepasua mfuko wangu, anatafuna maganda ya ndizi pamoja na pakiti ya maziwa iliyokuwa na harufu ya chakula. Nilitoka mbio nikaivuta ile pakiti, nusu yake ikaja mkononi na nusu ikabaki kinywani mwake. Wanaohudumia wanyama hawa wamekuwa wakitueleza miaka mingi kuwa plastiki ikijikusanya tumboni mwa punda huziba njia, naye hufa kwa msokoto wa tumbo baada ya maumivu makali. Sikujua punda yule alikuwa wa nani, na kwa siku kadhaa nilimtafuta kila nilipopita, nikitazama punda wote wa kijivu.

Tangu siku ile masalio ya chakula na plastiki hayakutani tena katika nyumba yangu. Kwa wiki moja niliazima mizani ya ndoano nikapima taka zetu, nikaona kuwa zaidi ya nusu ya uzito ni maganda, machicha ya nazi, majani ya chai na miiba ya samaki, yaani vitu ambavyo mama yangu hakuwahi kuviita taka. Machicha huenda kwa kuku wa jirani, na maganda ya maembe na ya ndizi huenda kwa mbuzi. Yanayobaki huoza pamoja na majani makavu katika debe bovu lililotobolewa chini, na mbolea yake ndiyo ninayopandia rihani na mchicha juu ya sakafu ya darini, ndani ya mabeseni yaliyopasuka. Ni muhimu majani makavu yawe mengi kuliko maganda, la sivyo debe hunuka na nzi hujaa, na wenye nyumba wote watalichukia jambo lenyewe kabla halijaota mizizi. Makumbi na vifuu nimerudi kuvitumia kuwashia seredani.

Kuhusu maji nitasema kwa urefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wa mji wetu husahau kwa wepesi. Maji ya mji wa Lamu hutoka katika visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua inaponyesha, mchanga ule huimeza na kuichuja, na maji baridi hukaa chini yake yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Tukiyavuta kwa pupa kuliko mvua inavyoyarudisha, chumvi hupanda, na kisima kilichoingiwa na chumvi huchukua muda mrefu kupona. Kwa hiyo mfereji, yaani bomba la maji, unaodondoka Mkomani unadondosha akiba ya Shela. Mfereji wa msalani kwetu ulikuwa ukidondoka tone moja kwa kila sekunde au karibu na hapo, nasi tuliuzoea kama tunavyozoea saa ya ukutani. Niliweka ndoo ya lita 20 chini yake baada ya Alasiri, na Alasiri ya siku ya pili nilikuta maji yanafurika ukingoni. Fundi alibadilisha mpira mmoja mdogo, kazi ya dakika chache.

Nyumbani tulianza pia kutawadha kwa kopo badala ya mfereji wazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kadiri ya viganja viwili vilivyojaa, na watoto wangu walilipokea jambo hili kwa moyo mkunjufu kuliko maelezo yangu yote kuhusu visima. Kopo tunalotumia ni lilelile la mafuta ya kupikia. Halijapasuka, na sina haraka nalo.

Kuna mahali nimekwama, na nitakuwa nimewadanganya wasomaji nikipaficha. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mwaka 2022, nami nilidhamiria kutumia nepi za kitambaa peke yake. Kusi ilipofika na mvua zikashika, nepi hazikukauka kwa siku mbili, mtoto akatoka vipele, nami nilikuwa nimerudi kazini. Tulikubaliana kwamba mchana avae kitambaa na usiku avae za dukani, ambazo tulizifunga na kuzitoa siku ya mkusanyaji taka pekee. Najua kuwa ziliishia jaani, na jaa letu huchomwa, na moshi wake huufikia mji. Nilipunguza, sikuacha, na mama yeyote mwenye mtoto mchanga na kamba moja ya kuanikia hastahili kusutwa kwa hilo.

Huwa nafikiri juu ya mafundi wetu wa jahazi kila ninapoona nyumba inakata tamaa. Kazi ya jahazi la Flipflopi, ambalo mwili wake wote ni plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, ilianza kufikiriwa mwaka 2016, na jahazi likashushwa majini hapa Lamu mwaka 2018. Lina urefu wa takriban mita 9, ubavuni limevishwa vipande vya ndara zilizookotwa ufuoni, na mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga mpaka Unguja, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Fundi mkuu, Ali Skanda, na wenzake walikuwa wamezoea mbao, na mbao za plastiki hazikuwa na tabia ya mti, kwa hiyo iliwabidi wajifunze upya namna ya kuunga na kupigilia kwa zana zilezile walizorithi. Watu waliojua kuunda jahazi tangu utotoni walikubali kuwa wanafunzi kwa miaka miwili. Nilipolitazama nilitambua rangi ya ndara za wanangu, bluu na manjano, ingawa huenda zilikuwa zimetoka mbali kwa mkondo wa bahari.

Hivi sasa jambo nililo nalo ni kifumbu. Mama alinisukia kimoja alipokuja mara ya mwisho, akanionyesha namna ya kukijaza nazi nusu tu, kukilowesha kwa maji ya uvuguvugu, kisha kukisokota kutoka juu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiminya chini, ili kasimile ishuke nzito kabla ya maji ya pili kutiwa. Mikono yangu bado inakiminya ovyo, na mara mbili machicha yamepenya yakaingia ndani ya wali. Baada ya kutumika hukung'utwa, huoshwa, na huanikwa juani siku hiyohiyo, maana kikilala na unyevu huvunda na tui la kesho yake huwa na uchachu. Kimetundikwa kando ya lile chujio la kijani, ambalo siku za haraka bado nalitumia. Mama amesema atakaporudi kwa Maulidi atataka kuonja tui la mkono wangu.