Siku sita Osaka kwa mdogo wangu, mji unaokula pweza kuliko Kilwa

Mdogo wangu anasoma Osaka, mwaka wa tatu sasa, na kila akipiga simu swali la mama ni hilo hilo, "unakula nini huko mwanangu?" na yeye jibu lake ni hilo hilo, "pweza mama, huku wanakula pweza kuliko Kilwa." Mama haamini. Sisi kwetu Kilwa na mama katusomesha kwa pweza, ikiingia bamvua maji yakatoka mbali anashuka miambani na wanawake wenzake na fimbo yake, anarudi jua limemchoma na ndoo kichwani. Kwahiyo mtu akimwambia kuna mji mkubwa wa maghorofa unaokula pweza kuliko sisi anaona anapigwa kamba tu. Mwezi wa 11 nikapata likizo, nauli nilikuwa nimeidunduliza karibu miaka miwili, nikamwambia mama naenda kuangalia kwa macho yangu.

Dar mpaka Dubai, pale nikabadilisha ndege, alafu masaa tisa na kitu mpaka uwanja wa Kansai. Uwanja wenyewe uko baharini kabisa, ni kisiwa walichokitengeneza wao kwa kujaza mawe na udongo wakaufungua mwaka 1994, kwahiyo ndege inashuka unaona maji, maji, maji tu, nikashika kiti nikasoma dua zote ninazozijua. Wako mbele yetu masaa sita, mwili unaniambia saa tano asubuhi na wenyewe jua linazama. Nje mdogo wangu kasimama na koti mkononi, "shikamoo dada," nikaitikia marahaba huku machozi yananitoka mbele za watu, miaka hiyo yote namuona kwenye simu tu.

Treni ya Nankai inakupeleka mpaka stesheni inayoitwa Namba, kama dakika 45 hivi. Wenyewe mji wao wanaugawa Kita na Minami, yani kaskazini na kusini, Kita ni Umeda kule kwenye maofisi na maduka makubwa, Minami ni Namba na mitaa yake. Mkienda fikieni Namba, ushauri wangu huo, ukitoka tu mlangoni uko mjini tayari na usiku unarudi kwa mguu. Kata kadi ya ICOCA palepale stesheni, unaweka hela unagusa tu kwenye geti. Na kwenye eskaleta simama kulia, kushoto waachie wenye haraka, mdogo wangu anasema Tokyo ni kinyume chake na watu wa Osaka wanajivunia kweli hilo.

Usiku ule ule tukaenda Dotonbori. Hapa ndo pale mnapopaona kwenye picha, mfereji katikati, mataa pande zote, na lile tangazo la Glico, kampuni ya peremende, la mkimbiaji kanyoosha mikono juu. Mfereji ulimalizika kuchimbwa mwaka 1615, tangazo la kwanza la mkimbiaji lilisimamishwa 1935 na la sasa hivi ni la sita. Kwenye daraja la Ebisubashi kila mtu kanyoosha mikono anapigwa picha, na mimi nikanyoosha, nimefika Japani bwana. Juu ya maduka kuna kaa mkubwa anachezesha miguu na huyu hapa, pweza mwekundu kakaa ukutani mkubwa kama daladala. Nikampiga picha nikamtumia mama usiku ule ule.

Chini yake kuna foleni. Muuzaji ana chuma cha vitumbua! Vishimo vyake vidogo na vingi zaidi ya vyetu, lakini ni chuma cha vitumbua. Anapaka mafuta kwa brashi, anamimina uji wa ngano mpaka unafurika juu ya vishimo vyote ukadhani kakosea, anatupia kipande cha pweza kila kishimo, majani ya kitunguu, tangawizi nyekundu, alafu anashika vyuma viwili vyembamba kama sindano za kufumia, anaukata ule uji uliofurika, anausukumia ndani, anazungusha robo, anahamia kingine, anarudi kwenye kile cha kwanza anazungusha robo tena, mikono inaenda huwezi kufuatisha, mara unaona vyote vimekuwa duara kama gololi. Mama kitumbua anakigeuza mara moja basi. Huyu kila kimoja alikizungusha mara nne mara tano na hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Ndo takoyaki hizo. Tako ni pweza. Zilianzia hapa hapa Osaka mwaka 1935 kwenye duka la Aizuya, na za mwanzo zilikuwa hazina sosi kabisa. Sisi tukaomba za chumvi tu maana mdogo wangu anasema sosi zao nyingine zina pombe ndani, yeye kila mahali anauliza kwanza kwa Kijapani na hakuna aliyemnunia hata siku moja. Vinane tulilipa yeni 600. Usitie kizima mdomoni! Nje kimekauka lakini ndani ni uji wa moto, kitoboe kwanza mvuke utoke. Pweza mwenyewe laini, na niliporudi hoteli nikasoma kwamba sehemu kubwa ya pweza wanaoagiza kutoka nje wanatoka Mauritania na Moroko, yani Afrika yetu hii hii, nikakaa kitandani nikawaza wale wavuvi kule na mama yangu huku hawajuani na kazi yao ni moja.

Usiondoke Dotonbori bila kuingia kichochoro cha Hozenji. Ni hatua chache tu kutoka kwenye zile kelele, unakata kona unakuta njia nyembamba ya mawe, taa za karatasi, na sanamu lao wanaloliita Fudo ambalo huwezi kuona uso wake, kwasababu kila anayekuja kuomba analimwagia maji na kata, miaka na miaka, mpaka limeota majani madogo madogo ya kijani mwili mzima, mazito kama zulia. Nilimwona mama mtu mzima kaweka mfuko wake wa sokoni chini, kamwaga maji, kainamisha kichwa, kaokota mfuko wake kaenda zake.

Kesho yake ngome ya Osaka. Hapa wageni wengi wanakimbilia kupanda mnara, na mnara ni mzuri, mweupe na dhahabu na paa la kijani, lakini mjue ni wa zege wa mwaka 1931, wananchi wa mji walichanga hela yao wakaujenga, ndani una lifti na makumbusho. Ule wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wao wa zamani, alioanza kuujenga 1583 ulianguka kwenye vita vya 1615, ukoo wa Tokugawa ukajenga mwingine juu yake na huo nao ukapigwa na radi 1665 ukaungua. Mimi nakwambia kaangalie mawe. Kuta na mahandaki ndo vya zamani vyenyewe, na kuingia eneo la bustani mpaka getini ni bure. Ndani ya geti la Sakuramon kuna jiwe moja upana mita 11.7 na urefu kwenda juu mita 5.5, wanakadiria tani 108, lililetwa kwa chombo baharini na kuvutwa na watu, hakuna kreni wala lori. Linaitwa Tako-ishi, jiwe la pweza, kwasababu lina doa la kahawia linalofanana na kichwa cha pweza. Nikamwangalia mdogo wangu akacheka, alijua muda wote huo akaninyamazia mpaka nifike mwenyewe.

Soko la Kuromon tulipita asubuhi ya siku ya tatu. Nusu kilomita na zaidi ya samaki, nyama, matunda, na kuna pweza wadogo wekundu kwenye vijiti ambao kichwani wamejazwa yai la kwale. Nilimla mmoja, mtamu mtamu hivi, yai lenyewe sikulielewa. Bei za pale ni za wageni, nasema ukweli. Ukitaka kuona watu wa Osaka wanavyonunua vyao nenda Tenjinbashisuji, mtaa wa maduka ulioezekwa paa juu, kilomita 2.6, unatembea mpaka miguu inauma na bado mtaa unaendelea, viatu, chai, miwani, vitambaa, mabibi kwenye baiskeli. Ndo neno "ookini" nikalijua pale, asante ya Osaka, ukilitamka tu muuza chai anafurahi kama umemtaja mama yake.

Shinsekai ndo mtaa niliourudia mara mbili. Maana yake dunia mpya, walipoujenga 1912 waliweka na mnara walioiga ule wa Paris, ukaja kubomolewa 1943 wakati wa vita, huu wa sasa unaitwa Tsutenkaku ni wa 1956, mita 108 ukihesabu na chuma cha radi juu yake. Upya wenyewe umeshapita zamani, sasa hivi ni mtaa wa wazee, wamekaa wanacheza shogi, sataranji ya Kijapani, hoteli za bei nafuu, mataa ya rangi zote mchana kweupe. Chakula chake ni kushikatsu, mishikaki ya kukaanga kwenye unga, na sheria yake kubwa imeandikwa kila duka, usichovye mara mbili kwenye sosi ya watu wote, ingawa siku hizi sehemu nyingi wameweka chupa. Sisi hatukula maana mafuta yanapita nguruwe na kila kitu, wenzangu Waislamu muwe makini hapo, lakini mtaa wenyewe tembeeni usikose, hasa jua likizama taa za mnara zinawaka na harufu ya mafuta ya moto imejaa njia nzima, nilijiona niko Mbagala.

Kutoka huko si mbali na Shitennoji, hekalu lililoanzishwa mwaka 593, majengo ya sasa ni ya baada ya vita maana mabomu ya 1945 yaliyachoma. Bwawa lake limejaa kobe wa majini wanaoota jua.

Ijumaa tukaenda Kobe kuswali. Nusu saa tu ya treni kutoka Umeda. Msikiti wa Kobe ndo wa kwanza Japani nzima, ulifunguliwa 1935, mabomu ya 1945 yalipita ukabaki umesimama na tetemeko la 1995 lililovunja mji nalo likapita ukabaki umesimama. Ndani nilikaa kwa wanawake, pembeni yangu Mwindonesia, mbele Mjapani na binti yake mdogo, nikasahau kabisa niko wapi mpaka nilipotoka nje baridi ikanipiga.

Jumamosi ilikuwa ya bahari. Tulipanda tramu ya Hankai pale Tennoji, behewa moja linapita katikati ya nyumba za watu, mpaka Sumiyoshi Taisha. Hii ni sehemu yao ya ibada ya zamani sana, ya wasafiri wa baharini, mabalozi wa kale waliokuwa wanavuka kwenda China walikuwa wanapita hapa kwanza kuombewa. Kuna daraja jekundu limepinda juu kama mgongo wa paka, ukipanda unashika vyuma. Kilichonishika mimi ni taa za mawe, mamia, nyingine zimenizidi urefu, zimewekwa na wenye vyombo na wafanyabiashara kuombea mizigo yao ifike salama. Bahari yenyewe siku hizi huioni, wameijaza udongo imesogea mbali, taa zimebaki zimesimama mjini. Nikamfikiria babu yangu mzaa mama ambaye jahazi lake halijarudi mpaka leo.

Jioni Kaiyukan, nyumba ya samaki iliyofunguliwa 1990. Unapanda mpaka juu alafu unashuka ukizunguka tangi moja lenye kina cha mita tisa, ndani yake anazunguka papa potwe, yule yule wa Mafia jirani zetu. Watoto wote kimya. Mimi nimezaliwa pwani na papa potwe nimekuja kumwona Japani, na hapo nikajiahidi mwakani naenda Kilindoni nikamwone kwenye maji yake.

Siku ya mwisho tulitembea Midosuji, barabara ya kilomita nne kutoka Umeda mpaka Namba, miti ya ginkgo pande mbili imegeuka njano tupu, hata lami imekuwa ya njano. Kabla ya hapo tulipanda Umeda Sky, maghorofa mawili ya mita 173 yaliyounganishwa juu, eskaleta ya mwisho inapita hewani hakuna kitu chini yako. Nendeni saa ya magharibi, mto Yodo unakuwa kama bati jipya.

Alafu nikamwambia mdogo wangu nipeleke wanakouza vile vyuma. Mtaa unaitwa Doguyasuji, nyuma ya Namba, vyombo vya jikoni tu mwanzo mpaka mwisho, visu, masufuria, mpaka vyakula vya plastiki vya kuweka dirishani. Mzee wa duka aliniuliza natoka wapi, mdogo wangu akamfungulia picha ya mama miambani kanyanyua pweza mikono miwili. Mzee akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akaenda ndani akarudi na mkewe naye aone. Nikanunua chuma cha vishimo 18, kizito hasa, mzee akakifunga kwa magazeti mara tatu na akanitilia na vile vyuma viwili vya kugeuzia, hakutaka hela yake.

Kiko Kilwa sasa. Mama alikigeuza geuza, akasema vishimo hivi vya mtoto, akakipaka mafuta akakibandika motoni. Unga wa mchele, nazi, kitunguu, maana ngano kaikataa. Kamimina, kakaa anautazama uji unaanza kushika pembeni, bakuli la pweza liko magotini kwake, akaniuliza, "sasa pweza wao wanamtia saa ngapi, sasa hivi au tusubiri?"

Nikamwambia sasa hivi, mama, wahi.