Printa yenye trei ya CD

Nimeipata. Iko juu ya kabati fupi pale sebuleni, imefunikwa kitenge kwa sababu ya vumbi la Dodoma, na kila mgeni akiiona anauliza kama nimefungua steshenari. Sijafungua. Nilikuwa natafuta mashine moja ya nyumbani inayoprinti, inayoskani, inayotoa kopi, na zaidi ya hayo inayoweza kuprinti picha na maandishi moja kwa moja juu ya CD au DVD. Hilo la mwisho ndilo lililonizungusha mji mzima.

Nani bado anatumia DVD? Nimeulizwa mpaka nimechoka. Shangazi yangu anatumia. Yuko Mvumi, ana runinga, ana deki, ana sabufa inayosikika mpaka kwa jirani wa tatu. Flashi nilishampelekea. Haikumaliza mwezi, vijana wa pale nyumbani wakaichukua, wakafuta video zake na kujaza nyimbo zao. Flashi inakaa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta. DVD-R ikishachomwa imechomwa, hakuna mjukuu atakayeweka singeli juu ya harusi ya mtu.

Boksi lake la viatu limejaa DVD nilizomchomea miaka na miaka: send-off ya binamu yangu, kipaimara cha wajukuu, msiba wa babu, na ile anayoipenda kuliko zote, siku kikundi chao cha muheme kilipopiga kwenye harusi, akina mama wamebana ngoma katikati ya magoti na yeye yuko mstari wa mbele. Kwa nje zote zinafanana. Macho yake kwa maandishi madogo si yale ya zamani, kwa hiyo akabuni utaratibu wake wa rangi ya kucha: nukta moja harusi, nukta mbili msiba, na kuendelea. Rangi ikabanduka. Siku wageni wa mahari walipofika akaweka DVD akitegemea muheme, kwenye kioo likatokea jeneza la babu.

“Mwanangu, hizi sahani zako hazina sura,” aliniambia kwenye simu, tukiwa tumeshaitikiana mbukwa, salamu ya Kigogo. Alikuwa anacheka. Mimi nilikata simu nikaanza kuulizia printa.

Njia za mkato zipo, nazifahamu. Kuna kuandika kwa bolpeni, na kwa CD hiyo ni njia mbaya kabisa. Watu wanalinda ule upande unaong'aa kama mboni ya jicho, kumbe kwenye CD tabaka lenye data liko juu, chini kidogo tu ya lebo. Mwanga wa leza unapita kwenye plastiki yote, unene wa milimita 1.2, ndipo unalifikia. Ukikwaruza upande wa maandishi kwa ncha ngumu umekwaruza data yenyewe. DVD ina nafuu kwa kuwa ni sahani mbili nyembamba za milimita 0.6 zilizogundishwa, data ikakaa katikati. Kuna na stika za duara. Nazo zikibandikwa upande kidogo, sahani inayozunguka zaidi ya mara mia tano kwa dakika inaanza kuyumba, halafu joto la ndani ya deki linalegeza gundi. Fundi mmoja wa pale Majengo alinionyesha deki iliyokuwa imemeza nusu ya stika ya kwaya. Sikuhitaji mahubiri mengine.

Basi nikaingia madukani. Katikati ya mji, kuzunguka Nyerere Square, kuna maduka ya kompyuta ya kutosha, na wauzaji wana maneno mazuri. “Bosi, hii inafanya kila kitu.” Nikauliza, je, CD? “CD ipo, bosi, ndani ya boksi.” Alikuwa anazungumzia CD ya kuinstolia. Duka la pili wakanijibu vilevile. La tatu kijana akanionyesha sehemu ya kuchomeka kadi ya kumbukumbu ya kamera, akiamini kabisa kwamba amenisaidia. Siwalaumu, maana wateja wao wanataka kopi za vyeti na barua za maombi ya kazi, na mji huu wa maofisi unakula karatasi kuliko ugali.

Nilipoanza kuelewa mashine zenyewe ndipo nikaona kwa nini kitu hiki ni adimu. Printa nyingi za sasa zinavuta karatasi kutoka kwenye droo ya chini. Karatasi inajikunja kuzunguka rola, inapita chini ya kichwa cha wino, inatokea mbele. Sahani haikunjiki. Lazima mtengenezaji aweke njia ya pili iliyonyooka, atengeneze trei ya plastiki yenye nafasi ya kulaza sahani, na aweke kihisio cha kusoma alama zilizo kwenye trei ili mashine ijue sahani imeanzia wapi. Hiyo yote ni gharama, na kwa mteja wa vyeti haina kazi.

Zipo zinazofanya hivyo. Epson wana ukoo mzima wa printa za matangi ya wino wenye rangi sita: L800, L805, L850, na za karibuni zaidi kama L8050, L8160 na L8180. Canon nao wana PIXMA kadhaa, mfano iP7250. Ukishafika hapo unakutana na mchujo wa pili. L800, L805, L8050 na hiyo iP7250 zinaprinti tu, hazina kioo cha kuskani. Mimi bila skana nisingefika popote, kwa sababu nusu ya sura ambazo shangazi angetaka kuziona zimo kwenye albamu, picha za karatasi zenye kingo zilizokatwa mawimbi. Kwa hiyo nikabaki na L850, L8160 na L8180. Hii ya mwisho inachukua hadi karatasi kubwa ya A3+, na bei yake na ukubwa wake ni vya mtu mwenye studio.

Hapo katikati nilikaribia kununua mtumba kutoka Japani kupitia muuzaji wa mtandaoni. Wajapani walizipenda sana printa za aina hii majumbani, kwa hiyo mtumba wake unapatikana, na picha zilinivutia. Nikamwandikia maswali mawili. La kwanza umeme: Japani wanatumia volti 100, sisi 230, je, ina adapta yake au nitafute transfoma? La pili, trei iko wapi? La kwanza alijibu kwa alama ya dole gumba. La pili akasema trei “itakuwa ilibaki bandarini.” Niliachana naye kwa amani. Trei za mashine hizi haziingiliani ovyo, kila modeli ina yake, na printa ya CD isiyo na trei ni printa ya kawaida iliyopandishwa bei. Ukienda kununua ya mkononi, ombi la kwanza liwe kuona trei, hata kabla ya kuuliza bei.

Hii niliyonayo ni L850, nimeinunua kwa mpiga picha wa Area C ambaye amehamia kabisa kwenye flashi na kutuma kazi kwa simu. Kaka yule aliitumia kwa picha za pasipoti tu. Trei ilikuwa bado ndani ya nailoni yake, chini kabisa ya boksi, na nadhani nilitabasamu mapema mno, maana bei haikushuka tena. Haina Wi-Fi, inataka waya wa USB, jambo ambalo mdogo wangu analiona ni aibu. Mimi sioni. Kompyuta iko hatua mbili kutoka kwenye kabati.

Baada ya hapo tatizo likawa sahani. Zile za kawaida zenye mgongo wa fedha hazifai, wino unabaki majimaji juu yake na kidole kimoja kinafuta bibi harusi. Zinatakiwa zile zenye mgongo mweupe usiong'aa, ambao umepakwa kitu cha kunyonya wino, na kwenye kifungashio zinaandikwa wazi kwamba zinaprintika. Hapa mjini sikuzipata. Mnara wa sahani 50 umetoka Kariakoo, umepanda basi, na nimeufuata stendi ya Nane Nane nikiwa na hamu kama mtu anayepokea mgeni.

Utaratibu unaanza kwa kuchoma data, kuprinti kunafuata. Ukigeuza, alama za vidole na vumbi vinaingia kwenye upande unaosomwa kabla ya leza kufanya kazi yake. Na kwa deki ya shangazi haitoshi kunakili faili la simu kwenye DVD. Video inabadilishwa kwanza iwe ya mfumo wa DVD, la sivyo deki inatema. (Vijana mnaorekodi harusi simu ikiwa imesimama wima, mjue huku runinga imelala. Nina saa nzima ya muheme ndani ya kichochoro.)

Kisha programu inakuuliza vipenyo viwili, cha nje na cha ndani. Sahani yenyewe ni milimita 120 na tundu lake ni milimita 15, lakini weupe hauanzi sehemu moja kwa kila aina. Nyingine weupe unakaribia kabisa tundu, nyingine zina pete pana ya plastiki tupu katikati. Unapima kwa rula, unaandika, unajaribu kwenye sahani iliyoharibika.

Ila kilichonichukua muda ni picha yenyewe. Kila mpiga picha tangu enzi za babu alimweka mtu katikati, na katikati ya sahani ndipo penye tundu. Picha nzuri ya babu, kanzu na koti, fimbo mkononi, ukiilaza kwenye duara tundu linameza uso mzima na kuacha fimbo. Nimejifunza kumsogeza kushoto, nikamkata mabega, nikajaza upande wa pili kwa mbuyu uliokuwa nyuma yake. Kwa muheme ilikuwa rahisi: akina mama walikaa nusu duara, nikawapinda kuzunguka tundu kana kwamba walijua. Shangazi yuko juu kabisa. Harusi nimeipa picha ya keki, msiba nimeupa msalaba mkubwa mweusi unaoonekana hata bila miwani. Trei inavutwa ndani polepole, inatulia, kichwa kinaanza kwenda na kurudi, na sahani inatoka ikiwa imeiva rangi. Hapo ndipo unatakiwa usiiguse. Wino unapewa saa 24 ukauke, nje ya jua, na humu ndani kwangu hiyo maana yake ni juu ya kabati la nguo, mbali na watoto na upepo.

Upepo huo ndio adui mwenyewe. Kiangazi chetu ni kikavu, na hewa kavu inagandisha wino kwenye vitundu vya kichwa kama mashine inakaa bila kazi. Kila wiki naprinti ukurasa mmoja wenye rangi zote sita, hata kama ni kalenda ya wanangu. Kusafisha kichwa kila mara hakupendezi, kunakunywa wino mwingi na wino huo unakwenda kujaa kwenye sifongo la taka ndani ya mashine. Na printa inazimwa kwa kitufe chake, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko. Ukichomoa waya ghafla, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kinabaki wazi. Nimeweka Luku ya akiba kwa ajili ya kitu ambacho miezi michache iliyopita sikujua kama kipo.

Boksi la viatu limepata wenzake wapya kumi na kitu, na shangazi ameshaagiza ya Pasaka. Taarifa imefika pia kwa binamu yangu wa Nkuhungu. Amekuja jana jioni na picha za kwaya inayotaka DVD mia mbili, bei wameshakubaliana bila mimi. Nimemwambia mashine hii ni ya nyumbani. Kajibu, “Kwani mimi wa wapi?” na akaenda kuitoa kitenge.